UZI: Elena Aprile na zenoni yake, zaidi ya miaka 20 akiitafuta maada giza chini ya mlima

FundiBaridi_Moro (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi si mwanafizikia. Ni fundi wa majokofu na vyumba vya baridi, mwaka wa 19 sasa, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kufukuza hewa na unyevu kwenye mabomba kabla ya kuingiza gesi. Mafundi wenzangu humu wanajua: ukikosa subira kwenye vakyumu, kompresa haimalizi mwaka. Binti yangu yuko kidato cha sita, PCM. Mwaka jana alirudi likizo na swali la maada giza, nikaanza kusoma ili tuweze kuliongea jioni. Huko nikakutana na Profesa Elena Aprile, Mwitaliano anayefundisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Tangu hapo sijaacha kumsoma. Nimeona kwamba utafiti wake, ukiuvua majina makubwa, ni kazi ninayoijua kwa mikono: kupoza gesi, kuisafisha, kutafuta panapovuja. Ila kiwango chake cha usafi mimi sikujua kama kinawezekana duniani.

Kwanza maada giza yenyewe. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alipima mwendo wa galaksi katika kundi la Coma, akakuta zinakimbia mno. Kwa uzito wa vinavyoonekana, kundi lile lilipaswa kuwa limeshasambaratika. Miaka ya 1970 Vera Rubin na Kent Ford wakapima galaksi moja moja, wakianza na Andromeda, wakakuta nyota na gesi za pembezoni zinazunguka kwa kasi karibu sawa na za ndani. Kuna kitu kizito, hakitoi mwanga, ndicho kinachozishikilia. Hesabu za leo zinasema katika kila kilo 6 za maada ulimwenguni, kama 5 ni hiyo isiyoonekana.

Na haiko mbali. Kama hesabu ni sahihi, inapita chumbani ulipokaa sasa hivi, inapita mwilini mwako na haigusi chochote. Au inagusa kwa nadra mno. Hiyo nadra ndiyo mama huyu anayoivizia.

Alizaliwa Milan mwaka 1954, fizikia akasomea Naples. Bado mwanafunzi, akafika CERN, maabara kubwa ya fizikia ya chembe kule Geneva, kufanya tasnifu chini ya Carlo Rubbia, yule aliyekuja kupata Nobeli ya mwaka 1984. Mwaka 1977 Rubbia alikuwa amependekeza wazo geni: uchukue gesi ya argoni, uipoze mpaka iwe kimiminika, halafu uitumie kama kamera ya kunasa njia za chembe. Aprile akakulia kwenye wazo hilo. Uzamivu akaumaliza Geneva mwaka 1982, mwaka uliofuata akaenda Harvard kwenye kundi la Rubbia, na 1986 akaajiriwa Columbia.

Hapo akaegemea kwenye zenoni, gesi ya ukoo mmoja na argoni ila nzito zaidi. Miaka mingi ya mwanzo haikuwa ya maada giza hata kidogo. Alijenga darubini ya miale ya gama yenye zenoni ya kimiminika ndani, iliyopewa jina la LXeGRIT, ikapandishwa angani kwa puto kubwa, ikiwamo mwaka 1999 na 2000. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, akakata shauri: chombo cha aina ileile aliyokuwa anaipandisha juu ya mawingu, sasa akizike chini ya mlima.

Naomba niishie hapa kwanza, naendelea kushusha.

---

Nyundo_Geita

Mkuu, nimekaa mkao wa kula. Mimi nimefanya kazi chini ya ardhi miaka 6, mgodi wa dhahabu, kwa hiyo hapo kwenye "akizike" umenigusa. Kwa nini chini? Kama hicho kitu kinapita kila mahali si angekaa tu maabara kwake na kiyoyozi?

---

FundiBaridi_Moro

Mkuu Nyundo, swali lako ndilo lenyewe.

Fungua kiganja chako, kielekeze juu. Karibu kila sekunde moja kuna chembe inayoitwa myuoni inakipenya. Zinatokana na mionzi ya anga za mbali inayogonga hewa huko juu. Huzisikii. Lakini ukiwa na chombo chenye uwezo wa kusikia mguso mdogo kuliko wote, hizo ni kelele za sokoni, na wewe unatafuta mtu anayenong'ona.

Kwa hiyo akaenda Gran Sasso, Italia ya kati, karibu na mji wa L'Aquila. Pale kuna handaki la barabara kuu la kama kilomita 10 linalopenya mlima, na pembeni ya barabara wamechimba kumbi kubwa za maabara. Magari yanapita, unakunja kona, unaingia kwenye sayansi. Juu ya kichwa chako kuna mwamba wa mita 1,400. Mwamba ule unapunguza myuoni kwa kama mara milioni 1, mpaka kwenye eneo la mita moja ya mraba inapita kama moja tu kwa saa.

Hiyo bado haikutosha. Kuanzia XENON1T, chombo cha tatu cha mradi wake uitwao XENON, waliweka ditekta (yaani pipa la kunasia chembe) katikati ya tangi la maji ya tani 700, kama yai ndani ya sufuria. Maji yanazuia mionzi inayotoka kwenye mwamba wenyewe, maana wewe unajua mkuu, mwamba una urani yake na radoni yake.

---

Nyundo_Geita

Radoni naijua. Tulikuwa tunasisitiziwa hewa izunguke kila mara, sababu mojawapo ni hiyo. Endelea.

---

Binti_Vekta

Asante kwa madini haya. Mimi niko mwaka wa 2 chuo, fizikia. Naomba ueleze hiyo ditekta inaonaje. Darasani tumepita juu juu.

---

FundiBaridi_Moro

Binti Vekta, nitaeleza nilivyoelewa, wataalamu mnisahihishe.

Pipa la chuma lenye kuta mbili, na vakyumu katikati kama chupa ya chai. Ndani kuna zenoni kwenye baridi ya nyuzi 95 hivi chini ya sifuri. Ni kimiminika kizito, lita moja inakaribia kilo 3. Juu yake kimeachwa kitabaka chembamba cha gesi ya zenoni hiyohiyo. Juu na chini kumepangwa mirija ya kunasa mwanga ambayo kila mmoja unaweza kuhisi hata chembe moja ya nuru. XENON1T ilikuwa nayo 248.

Sasa chembe ya maada giza ikigonga kiini cha atomu ya zenoni, kiini kinarudi nyuma kidogo kama gololi iliyopigwa. Papo hapo unatoka mmweko hafifu wa urujuanimno. Huo ni wa kwanza. Pia elektroni chache zinang'oka. Kuna umeme umewekwa ndani ya pipa, unazivuta elektroni hizo kupanda juu polepole mpaka kwenye ile gesi, na zikiingia kwenye gesi unatoka mmweko wa pili, mkubwa zaidi. Muda kati ya mmweko wa kwanza na wa pili unakwambia tukio lilitokea kina gani. Mirija ya juu iliyoona mwanga mwingi inakwambia ni upande gani. Unapata mahali kamili, na matukio ya karibu na ukuta unayatupa, kwa sababu ukuta ndio mchafu. Katikati ndipo penye utulivu, maana zenoni ya nje inaikinga ya ndani.

---

Mwl_Nguvu_na_Mwendo

Mkuu umeeleza vizuri sana, ninafundisha fizikia na nitalitumia hilo la gololi. Niongeze kimoja muhimu. Uwiano wa mimweko miwili ndio unaotenganisha adui na rafiki. Mwale wa gama au elektroni ya mionzi ikigonga, inagonga elektroni za atomu, na mmweko wa pili unakuwa mkubwa sana ukilinganisha na wa kwanza. Kitu kikigonga kiini, mmweko wa pili unakuwa mdogo kwa uwiano. Kwa hiyo ukilinganisha mimweko hiyo miwili unajua tukio ni la aina gani.

Na kwa nini zenoni: ni gesi adimu, haiungani na kitu kirahisi, kiini chake ni kikubwa kwa hiyo ni shabaha nono, na karibu haina mionzi yake yenyewe. Jina lake limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya mgeni. Ramsay na Travers waliigundua mwaka 1898 kwenye mabaki ya hewa iliyogeuzwa kimiminika. Katika hewa tunayovuta, sehemu yake haifiki hata moja kwa milioni 10, ndiyo maana bei yake haishikiki.

---

FundiBaridi_Moro

Mwalimu, nashukuru. Sasa nifike pale ninapotaka kufika tangu mwanzo. Usafi.

Zile elektroni chache zinazopanda zina safari. Kwenye XENON1T ilikuwa karibu mita 1. Zikikutana na molekuli ya oksijeni au maji njiani, zinanaswa na mmweko wa pili unafifia. Kwa hiyo zenoni inazungushwa mchana na usiku kwenye visafishio, inatoka, inasafishwa, inarudi. Wanapigania uchafu wa sehemu moja kwa bilioni, hata chini yake. Mimi geji yangu ya vakyumu nikiona imeshika saa nzima bila kupanda nashukuru Mungu.

Halafu kuna kriptoni. Zenoni ya dukani inatolewa kwenye hewa na inakuja na kriptoni kidogo, na ndani ya kriptoni kuna ile yenye mionzi, kriptoni 85, ambayo binadamu tumeimwaga hewani kwa vinu vya nyuklia. Hiyo kichujio hakiikamati, kwa sababu nayo ni gesi adimu. Dawa yake ni kuikeneka. Walioona gongo ikipikwa wataelewa: kinachochemka mapema kinatangulia kupanda, kizito kinabaki. Wamejenga mnara mrefu wa kukeneka zenoni, kriptoni inapanda juu na kutolewa, zenoni safi inakusanywa chini.

Mwisho radoni, na hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inatoka ndani ya vyuma vyenyewe. Kila skrubu, kila waya, kila mchomeleo unaipumua kidogo kidogo maisha yote. Huwezi kuitoa mara moja ukamaliza. Kwa hiyo walichagua chuma kipande kwa kipande kwa kukipima mionzi kabla ya kukitumia, kisha kwenye chombo cha sasa, XENONnT, wakaweka mnara mwingine wa kukeneka radoni bila kusimama. Wamefika atomu 430 za radoni kwa tani nzima ya zenoni. Nilisoma namba hiyo mara 3. Atomu 430, zinahesabika kama wanafunzi wa shule moja ya kata.

---

Kijiwe_Ubungo

Sipingi bidii yake. Lakini tuseme ukweli mkuu. Miaka zaidi ya 20, mamilioni ya dola, amepata nini? Maana nijuavyo mimi maada giza haijaonekana mpaka leo. Kwa nini tumsifu mtu ambaye hajapata alichokitafuta?

---

FundiBaridi_Moro

Mkuu Kijiwe, swali la haki kabisa, na nakujibu kwa moyo.

Ni kweli hajaiona. Tazama mwendo wake. XENON10 ilianza kazi Gran Sasso mwaka 2006 ikiwa na kilo 15 tu za zenoni ya kutazama, yaani ile ambayo mirija inaivizia. Ikafuata XENON100, kilo 62. Kisha XENON1T, tani 2. Sasa XENONnT, karibu tani 6 za kutazama na zaidi ya 8 kwa jumla. Kila chombo kilipomaliza, walitangaza: kama chembe hii ingekuwa inagonga kwa nguvu kiasi fulani tungeshaiona, kwa hiyo haigongi hivyo. Mwaka 2018 XENON1T ilikuwa imekusanya takribani siku 279 za data na kufunga eneo ambalo hakuna aliyewahi kulifikia. Ndivyo ninavyotafuta uvujaji kwenye bomba refu. Nafunga valvu, napima kipande. Hapa hakuna. Nahamia kinachofuata. Kipande nilichokipima nikakiandika hakirudiwi na mtu.

Na ukiwa na chombo kimya kiasi hicho unaanza kusikia vingine. Aprili 2019 walichapisha kwamba wameona atomu za zenoni 124 zikioza kwa namna ambayo kiini kinameza elektroni zake 2 kwa mpigo. Nusu uhai wake, yaani muda wa nusu ya atomu kuoza, ni miaka trilioni moja na zaidi kwa kila mwaka ambao ulimwengu umeishi. Hakuna tukio la nadra zaidi lililowahi kupimwa nusu uhai wake moja kwa moja. Hawakuhitaji kusubiri huo muda wote, maana kwenye tani za zenoni atomu ni nyingi kupita kiasi, na kila mwaka chache zinafikia zamu yake.

---

Kijiwe_Ubungo

Hapo umenijibu. Ila kuna kitu nilisoma kwamba Italia walishaipata, tena mlima huohuo?

---

Mwl_Nguvu_na_Mwendo

Niruhusu nijibu hili. Ni jaribio la DAMA, lililoongozwa na mwanamama mwingine, Profesa Rita Bernabei wa Chuo Kikuu cha Roma Tor Vergata. Walitumia fuwele za iodidi ya sodiamu. Tangu miaka ya 1990 walikuwa wakiona idadi ya matukio inapanda na kushuka kila mwaka, kama ambavyo ungetarajia Dunia ikizunguka Jua na kukutana na upepo wa maada giza kwa kasi tofauti Juni na Desemba. Mabadiliko yenyewe yapo kwenye data yao, hilo halina ubishi. Ubishi ni chanzo chake. Aprile na wenzake waliangalia kwa zenoni, mlima uleule, hawakuona. Baadaye ANAIS ya Hispania na COSINE ya Korea wakatumia fuwele za aina ileile ya DAMA, nao hawakuyaona.

Mimi nawaheshimu wote wawili. Wametetea vipimo vyao hadharani, kwa namba.

---

FundiBaridi_Moro

Mwalimu ameifungua njia ya jambo ambalo mimi ndilo lililonifanya nimpende huyu mama.

Juni 2020 dunia imefungwa na korona, kundi la XENON likatoa tangazo. Wameona ziada. Si kwenye viini, bali kwenye elektroni, kwenye nishati ndogo. Walitarajia matukio 232 hivi, wakapata 285. Walikuwa na maelezo matamu mkononi: huenda ni aksioni kutoka kwenye Jua, chembe ambayo haijawahi kuonekana. Kama ingekuwa kweli, ni Nobeli ya wazi. Lakini katika tangazo lilelile wakaandika kwamba inaweza kuwa tritiamu, haidrojeni yenye mionzi, kiasi cha atomu chache mno kwa kilo ya zenoni, na kwamba hawana njia ya kuithibitisha wala kuikanusha kwa chombo hicho.

Wananadharia duniani kote wakaandika makala kwa mamia wakieleza ziada ile ni nini. Yeye na watu wake wakarudi chini ya mlima kufunga chombo kipya. XENONnT ikawa na kelele ndogo mara 5 kuliko ile ya kwanza katika eneo hilohilo la nishati. Julai 2022 wakafungua data. Ziada haipo.

Wakaitangaza hivyo hivyo. Mimi nimeshamwambia mteja "gesi imeisha" nikajaza, nikalipwa, na moyoni nikijua sijatafuta inapovujia. Niliifanya nikiwa kijana na bado inaniuma. Kwa hiyo nikisoma mtu aliyeshika namba ambayo ingempa jina la milele, akatumia miaka 2 kuipima upya kwa chombo kipya mpaka ikafutika, najua uzito wa alichokifanya.

---

Binti_Vekta

Nimesoma mpaka machozi yamenilenga. Darasani kwetu tulianza wasichana 7, tumebaki 3. Kuna mhadhiri aliwahi kuniuliza mbele ya wenzangu kwa nini nisihamie ualimu wa shule ya awali. Sitamtaja. Swali langu: huyu Aprile ameongoza watu wangapi? Maana mimi naambiwa wanawake wanakuwa wasaidizi tu kwenye miradi mikubwa.

---

FundiBaridi_Moro

Mwanangu, pole sana kwa maneno hayo. Usihame.

Aprile hakuwa msaidizi. Mradi wa XENON aliuanzisha yeye na akawa msemaji wake mkuu miaka na miaka, na kundi limekua mpaka watafiti zaidi ya 150 kutoka nchi mbalimbali. Mwaka 2021 alichaguliwa kuingia Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Na si peke yake, mtafute Laura Baudis wa Zurich, wametoka naye mbali kwenye zenoni. Hata washindani wao wakubwa, LUX na baadaye LZ kule South Dakota, baadhi ya waanzilishi wake walipitia XENON10. Siku hizi wapinzani hao wamekaa meza moja, wanapanga chombo cha pamoja cha tani 60, wanakiita XLZD.

Vera Rubin niliyemtaja juu aliwahi kutaka maelezo ya kujiunga na astronomia Princeton, akajibiwa hawachukui wanawake. Mlango huo walikuja kuufungua mwaka 1975. Leo darubini kubwa iliyojengwa mlimani Chile ina jina lake.

---

Mwl_Nguvu_na_Mwendo

Binti, niandikie faragha. Nina vitabu vya makanika ya kwanta nitakutumia kwa basi.

---

Nyundo_Geita

Mkuu Fundi, swali la mwisho, na ni la kiutendaji. Tani 8 za gesi ya bei hiyo, nyuzi 95 chini ya sifuri, chini ya mlima. Umeme ukikatika?

---

FundiBaridi_Moro

Nilijua lazima mtu wa mgodini aulize hilo. Nami lilikuwa swali langu la kwanza, kabla hata ya hiyo maada giza.

Zenoni ikipata joto inageuka gesi, inatanuka mara mamia. Valvu ya usalama ikifunguka, imekwenda, na huwezi kuipata tena kwa miaka. Kwa hiyo wakajenga tufe la chuma cha pua lenye kuta mbili, kipenyo kama mita 2, wakaliita ReStoX. Linabeba tani 7.6. Limepewa uwezo wa kuhimili mgandamizo wa bar 73, maana yake hata likipoteza baridi yote na zenoni ikafika joto la chumba, inabaki humo humo kama gesi, salama. Na baridi yake haitegemei kompresa, inatumia nitrojeni ya kimiminika inayopita kwenye mabomba. Hitilafu ikitokea kwenye ditekta, zenoni inahamishiwa humo kwa saa chache. Kwa XENONnT wakaongeza tangi la pili la tani 10.

Nimelichora tufe hilo kwenye karatasi, nimelibandika ukutani karakana. Kesho alfajiri nina chumba cha baridi cha samaki, nikirudi nitaweka mchoro hapa.